Mkono wa Usukani

Karakana ya Melkizedeki ilinuka bahari. Hapo Sanawari, Arusha, ambako samaki hufika akiwa ameshakauka siku nyingi, na ukichungulia dirishani unauona Mlima Meru umejifunika mawingu yake, palinuka mwani na chumvi. Mkewe, Ndeshi, alipiga deki mara mbili asubuhi ile. Harufu ikabaki.

Ulikuwa mwaka 1989, na chanzo walikijua. Mtoto wao wa pekee, Eliasi, alikuwa amekuja jana na chombo kutoka Tanga, anakofanya kazi ya ubaharia kwenye boti ya matanga ya tajiri mmoja. Alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wao wa Nkoaranga kujua kuogelea, na baba yake hakuchoka kumtania kwa hilo. Chombo chenyewe kilikuwa sanduku lenye dira ndani na mkono wa chuma ubavuni. Baharia akitaka kupumzika, mkono ule hushika usukani na boti ikajiendesha. Sasa mota yake ilikuwa imeungua.

"Tajiri anauliza, baba, kinatengenezeka au aagize kipya? Siku hizi vitu vinaingia, si kama zamani."

"Aagize tu. Kuisuka upya mota kama hii, waya kwa waya, ni mateso."

Eliasi aliinamisha kichwa, akanong'ona. "Kitengeneze, baba. Aliyekuwepo kabla yangu alikifungua ili kifungwe kipya. Akashika usukani kwa mikono yake siku hiyo moja. Boti ilionekana baada ya siku tisa. Alikuwa amekufa kwa kiu, na vidole havijauachia usukani."

Melkizedeki, mzee wa kanisa, alicheka. Kisha akakitazama chombo. Mkono wa chuma, bila umeme wala mota, ulikuwa umegeuka kumwelekea Eliasi. Kijana akasogea mlangoni. Mkono ukamfuata polepole, ukikwaruza.

Ulutheri wao wakauweka kando, wakamwita Bi Mwanasha, mganga wa Kidigo aliyeolewa Ngarenaro. Mama yule hakuvuka hata kizingiti.

"Ni jini wa bahari, na hiki ndicho kiti chake," alisema kwa sauti ya chini. "Sisi watu wa pwani kiti cha jini hatukibadilishi wala hatukivunji. Kikiharibika, tunakitengeneza. Ukimnyima kiti atajitafutia kingine, hata mwilini mwa mtu, na jini ameshamwona huyu kijana. Isuke hiyo mota, fundi, kijana akirudishe baharini kikiwa kizima."

"Nina siku ngapi?"

"Leo, kabla jua halijazama."

Melkizedeki akafunga mlango, akaketi kusuka. Alikuwa amesuka mota za mashine za kusaga na za pampu za maji, lakini siku ile waya wa shaba ulimponyoka, akauokota, akaanza tena kuhesabu mizunguko, huku harufu ya mwani ikizidi kuwa nzito, huku sakafu ikitoa maji ambayo Ndeshi aliyaonja yakawa ya chumvi, huku chini ya meza kukisikika mawimbi yakija na kurudi, na mkono wa chuma ukigonga ubao, ukigonga, ukimtafuta Eliasi aliyekaa pembeni ameibana mikono yake kati ya magoti kama mtoto aliyeshikwa na baridi.

"Baba Eliasi," Ndeshi alisema taratibu, "unamtengenezea shetani mkono."

"Namtengenezea mwanangu. Imebaki mizunguko arobaini. Niache."

"Mimi siwezi kuangalia."

Akatoka. Melkizedeki alidhani amekwenda kusali. Alirudi na shoka la kuni, na mumewe alipoinua kichwa, pigo la kwanza lilikuwa limeshashuka. La tatu lilipasua dira.

Mawimbi yalinyamaza. Harufu ilikatika. Ndeshi alipiga magoti kwenye maji akamshukuru Mungu, na Melkizedeki alitaka kumpiga, akataka pia kumkumbatia, asijue lipi litangulie.

Ndipo mkono wa kulia wa Eliasi ukainuka. Ulinyooka mbele yake, kiwiko hakikunjiki, ukageuka polepole upande wa mashariki, iliko bahari.

"Mama," alinong'ona, "siyo mimi."

Hakusema tena kwa sauti yake. Aliinuka akauendea mlango. Ndeshi aliuning'inia mkono ule kwa uzito wake wote.

"Nichukue mimi. Mimi ndiye niliyekivunja."

Mdomo wa mwanawe ukamjibu kwa sauti ya mtu mzima sana. "Wewe huijui bahari."

Wakatoka hivyo hadi barabara ya Moshi, mama mkononi, baba kiunoni, wote wawili wakiburutwa. Jirani yao Sumari, aliyekuwa akipalilia migomba yake, alicheka akawauliza wanakwenda wapi mchana wote huu.

"Tanga," alisema Melkizedeki. "Njoo utusaidie kumshika."

Sumari akatupa jembe akaja, wakawa watatu, na Eliasi hakupunguza mwendo.