Upande Usio na Wimbo

Pangaboi la duka lile lilikuwa na bawa lililolegea. Kila lilipozunguka liligonga, na daktari wa meno alishalalamika kabla hata hajakaa. Muuzaji aliomba radhi, na walipomaliza mbili za kwanza akawasha mashine ya tatu ya kuchezea santuri. Sahani ilipoanza kuzunguka, pangaboi liliendelea kuzunguka juu ya vichwa vyao, bawa likiyumba vilevile, lakini halikusikika tena.

Daktari aliona. Alidhani masikio yake yamezoea.

Alikuwa amekuja kuchagua mashine ya kuchezea santuri, na alijua anachotaka. Alitaka ya mkanda. Katika zile nyingine mota hukaa chini ya sahani yenyewe. Mota ikitetemeka, sahani nayo hutetemeka, na sindano husikia yote. Katika ya mkanda mota hukaa pembeni, na kinachoiunganisha na sahani ni utepe mwembamba wa mpira ambao humeza mtetemo njiani. Kwa mtu anayeshinda na kelele ya kutoboa meno kutwa nzima, utepe huo ulitosha kumtoa nyumbani siku ya mapumziko.

Hakuja na wimbo wa kujaribia. Wateja wengine huja na santuri wanayoipenda kuliko zote, wakafumba macho na kusubiri pale mwimbaji anapovuta pumzi. Yeye alikuja na santuri ambayo upande wake mmoja haukurekodiwa kitu, mifereji mitupu kutoka ukingoni hadi katikati. Aliweka sindano hapo, akaongeza sauti hadi mwisho, akasikiliza mashine inasema nini ikiwa haina wimbo wa kujifichia. Ya kwanza ilinguruma kama friji. Ya pili ilikuwa na mvumo wa mbali.

"Hiyo ya tatu ningeomba uijaribu kwa wimbo, daktari," muuzaji alisema.

"Wimbo unadanganya."

"Najua. Ila hiyo nimezoea kuipa wimbo."

"Kuipa?"

"Kuichezesha, namaanisha."

Daktari aliteremsha sindano. Hakukuwa na mngurumo, mvumo, wala chembe ya vumbi iliyokwaruza. Nje ya kioo pikipiki ilipita, dereva amekandamiza honi, na honi haikufika ndani. Kulikuwa na harufu kidogo, ya jino linapotobolewa. Aliifahamu harufu hiyo. Alidhani amekuja nayo kwenye nguo.

"Hii," alisema. "Hii ndiyo nataka iingie nyumbani kwangu."

Muuzaji hakumpongeza. Aliifunga kwenye boksi, akambebea hadi kwenye gari, na alipofunga buti akasema kwa sauti ya chini, "Usiiache izunguke bure, daktari. Muda wote iwe na wimbo."

Daktari alijibu ndiyo, ndiyo, kama wagonjwa wake wanavyomjibu anapowaambia wapige mswaki kabla ya kulala.

Wanaishi ghorofa ya juu. Mkewe ni fundi cherehani na hushonea kwenye chumba kinachopakana na sebule. Binti yao wa pekee yuko sekondari, na tangu alipojua kuongea hawajamwita jina lake, wanamwita Chiriku. Huongea akila, huongea akipiga mswaki, na mama yake anaapa kwamba huongea usingizini, tena kwa mpangilio.

"Kumbe ndiyo hii?" Chiriku alisema mashine ilipotolewa kwenye boksi. "Baba, pesa zote zile kwa sahani inayozunguka? Hata maikrowevu inazunguka, na inapasha chakula."

"Kaa kimya kidogo tu usikie."

"Nisikie nini, mbona haijaimba?"

"Ndiyo hiyo ya kusikia."

"Mwache baba yako," mama alisema kutoka kwenye cherehani. "Wenzake wananunua muziki, yeye amenunua kimya."

Walicheka wote watatu. Tangu siku hiyo, kila jioni akitoka kliniki, daktari alivua viatu, akaweka upande mtupu, akaketi kwenye kiti chake na kufumba macho. Alimwambia mkewe kwamba hajawahi kupumzika hivyo.

Friji ndiyo iliyotangulia kunyamaza. Ilikuwa inagandisha kama kawaida, lakini mtu angeweka sikio mlangoni asisikie kitu. Kisha bomba la jikoni. Maji yalianguka kwenye beseni kama yanaangukia pamba. Kisha mke alikuwa akipinda marinda ya sare, akahisi kitu hakiko sawa, akatoa mguu kwenye pedali. Cherehani ilikuwa imeshona vizuri. Ni kwamba tangu achomeke kitambaa hakuwa amesikia hata mshono mmoja.

Alasiri iliyofuata birika lilichemka hadi likaungua. Ndani ya nyumba kulikuwa na watu watatu na hakuna aliyelisikia likipiga mluzi. Harufu ndiyo iliyowakusanya jikoni, harufu ya chuma kilichoungua, na chini yake ile nyingine, ya jino. Mke alisema kitu. Daktari aliona midomo yake ikisema. Akamshika mkono, wakatoka hadi kwenye ngazi, wakafunga mlango nyuma yao.

"Izime," mke alisema, na huko nje alisikika.

"Nimeizima tangu asubuhi."

"Mbona inazunguka?"

"Nimechomoa waya. Nimetoa na mkanda, huu hapa." Aliutoa mfukoni. Mpira ulikuwa na joto, kama umetoka mwilini mwa mtu.

"Basi itupe."

"Nimejaribu. Haiinuki. Ni kama imeota mizizi kwenye meza."

"Usiseme kwa sauti," mke alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amepandisha sauti.

Kesho yake Chiriku alitoka bafuni midomo ikienda kama kawaida. Wazazi hawakushtuka; sebuleni hakuna aliyesikika tangu jana. Walimtoa nje hadi kwenye ngazi aeleze alichotaka kueleza. Kule kwenye ngazi, ambako mama yake alikuwa anasikika na baba yake anasikika, Chiriku alifungua mdomo na hakukutoka kitu. Kwanza alicheka, bila mlio, akidhani ni mchezo. Kisha akashika koo.

Mama alimshika mkono wampeleke hospitali. Walishuka ngazi hadi walipoona mlango wa barabarani, na hapo binti akaanguka. Midomo ilibadilika rangi. Alikuwa anavuta hewa na hewa haiingii. Baba alimbeba, akapanda naye mbio, na alipovuka kizingiti cha nyumba tu, kifua cha mtoto kikapanda na kushuka. Walijaribu tena, polepole, wakimfunika kichwa kwa khanga. Ikawa vilevile. Wao wawili wangeweza kutoka. Yeye hawezi.

Walikuwa wamesimama sebuleni, mtoto katikati yao, spika za mashine zikiwa hazina umeme, sauti ya kwanza iliposikika mle ndani baada ya siku nzima ya kimya. Ilitoka kwenye spika ya kushoto.

"Baba? Mbona huku giza?"

Midomo ya Chiriku ilikuwa imefungwa.

Daktari alimkuta muuzaji dukani, amekaa chini ya lile pangaboi, na sasa bawa lilikuwa linagonga. Hakujifanya hajui.

"Uliipa upande mtupu," muuzaji alisema.

"Ni nini kile?"

"Jini. Chakula chake sauti. Ukimpa wimbo, anakula wimbo, na anatulia. Ukimweka mtupu anajitafutia mwenyewe." Alichomoa santuri kwenye rafu, akaiweka kwenye mashine nyingine. Haikutoa kitu. Akaweka nyingine. "Rafu nzima iko hivi. Hata mimi aliniachia mzee mmoja hapahapa, kwa maneno matamu."

"Ukajua, ukaniuzia."

"Nilikuonya."

"Ulinionya kama mtu anayeniambia nisiache dirisha wazi."

"Ningekwambia ni jini ungenunua?" Muuzaji hakumtazama. "Nilikuwa nimebakiwa na santuri chache, daktari. Na mimi nina familia. Dukani kwangu hairudi. Uliikaribisha kwa kinywa chako, nilikuwa nimesimama hapa."

Daktari alirudi akalisha mashine santuri zote alizokuwa nazo, alizokusanya tangu akiwa mwanafunzi. Wimbo ulianza, ukafifia, ukaisha kabla sindano haijafika katikati, na santuri ilibaki nyeusi na bubu. Kati ya wimbo na wimbo sauti ya Chiriku ilisikika, kila mara kwa mbali zaidi. Iliuliza kama kuna mtu. Ilisema kuna mwingine huku na anapumua. Mtoto mwenyewe aliketi sakafuni ameegemea kabati, akisikiliza sauti yake inalia, na hakuweza kulia nayo.

Mke alimpigia simu shangazi yake. Shangazi hushughulika na mambo ya namna hii, na katika ukoo watu humkwepa hadi siku wanapomhitaji. Alipokea akasikia kimya, si kimya cha mtandao mbovu, kimya ambacho kilimfanya asogeze simu mbali na sikio. Akaja jioni hiyohiyo. Alibisha hadi mkono ukauma, hakuna aliyemsikia, akasukuma mlango mwenyewe. Alitazama ndani mara moja, akawaita kwenye ngazi kwa kidole.

"Mkwe, nani alimkaribisha?"

"Mimi."

"Kwa maneno?"

"Nilisema hii ndiyo nataka iingie nyumbani kwangu."

"Wasomi bwana," shangazi alinong'ona. "Sisi hata paka akiingia tunamwuliza ametoka wapi."

"Shangazi, atamrudisha?" mke aliuliza.

"Hawa hawarudishi, mwanangu. Wanabadilishana. Sauti ya mtoto ni ya miaka michache. Sikio la mtu mzima limeweka sauti zote alizosikia tangu azaliwe. Akiwekewa hilo, huenda akaachia."

"Nitaweka langu," mke alisema.

"Masikio yote mawili yatakwenda."

"Nitaweka langu, nimesema."

"Wewe utabaki umsikilize mtoto," daktari alimwambia. "Aliyemleta ni mimi."

Shangazi alichukua ule mkanda na mkasi wa cherehani. Daktari alipiga magoti mbele ya mashine, akatoa santuri, akalaza sikio juu ya sahani inayozunguka, na sahani haikumkwaruza, ilikuwa laini na vuguvugu kama shavu, na chini yake kulikuwa na mtu anayepumua kwa utaratibu kama anayesubiri mlangoni, na harufu ya jino ikajaa puani hadi akahisi fizi zake mwenyewe zinalegea, na hapo vyote alivyowahi kusikia vikaanza kutoka, mvua juu ya bati la nyumba aliyozaliwa, kengele ya shule, mama yake akimwita arudi ndani akanawe miguu, mkewe siku ya kwanza akisema jina lake kwa kusitasita, mtoto akilia wodini kabla hajafungwa nguo, vyote vikipita sikioni kwa nje kama maji yanayotoka kwenye beseni lililotobolewa, na alitaka kushika kimoja, kile cha wodini, akakikosa, na kupumua kule kukakoma, na kikawa kimya ambacho hakikuwa na hata damu yake inayopita.

Aliinua kichwa. Alimwona shangazi anakata mkanda vipande vipande. Alimwona mkewe ameshika mdomo kwa mikono miwili. Kisha akamwona Chiriku amesimama, mdomo wazi, mishipa ya shingo imetoka, na jinsi mkewe alivyomrukia kumkumbatia ndivyo alivyojua kwamba mtoto amesikika.

Sahani ilikwenda taratibu, ikasimama. Shangazi aliibeba mashine peke yake kama mtu anayebeba sinia, na chini barabarani akaivunja kwa nyundo hadi ikawa vyuma.

Daktari aliacha kliniki. Alijifunza kusoma midomo, na ile ya mkewe ndiyo iliyomwia rahisi. Hakulalamika. Chiriku alirudi shuleni, akashuka ngazi zote bila kushika ukuta, na jirani wa chini alimwandikia daktari kwamba nyumba imechangamka. Yeye aliona kwamba amelipa bei nzuri.

Asubuhi moja walikuwa mezani. Chiriku anaongea, mikono inaongea naye, na mkewe anacheka hadi anafuta macho kwa ncha ya khanga, kisha anawapa mgongo ajaze chai. Daktari alikuwa anawatazama, ametosheka, aliposikia mtu anapumua.

Ilikuwa sauti ya kwanza tangu siku ile, na haikutoka chumbani. Ilikuwa ndani, nyuma ya sikio la kushoto. Ilipumua kwa kwikwi, kama mtu aliyelia sana. Kisha ikasema, kwa sauti ambayo angeitambua popote:

"Baba, mlango ulipofunguka alinisukuma, akatangulia yeye. Huyo anayeongea hapo si mimi."

Daktari aligeuka kwa mkewe. Akasema, au alidhani amesema, kwamba huyu si mwanao, njoo upande huu, weka birika chini uje. Hakuweza kujua kama sauti imetoka. Alihisi koo likitetemeka, akaongeza nguvu, akarudia.

Mkewe hakugeuka. Aliendelea kumimina chai.

Binti ndiye aliyenyamaza, akageuka, akamtazama.