Klachi Iliyoganda Miaka Sita

"Kanyaga klachi mpaka chini, dada, na usiiachie."

Dada, mteja aliyekaa kwenye usukani, akakanyaga. Magurudumu ya nyuma, yaliyoinuliwa kwa jeki, yakaendelea kuzunguka kana kwamba hakuna aliyekanyaga kitu. Gari lilikuwa la zamani, limefungiwa stoo miaka sita, na sahani ya klachi ilikuwa imeng'ang'ania injini kwa kutu.

"Haijaachia," fundi alisema. "Tuiache injini ipate moto kwanza."

Fundi huyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane. Mlango wa stoo ulipofunguliwa asubuhi ile, alilitambua gari papo hapo. Ndilo alilopanda siku aliyoolewa. Miaka sita iliyopita mumewe aliaga kwamba anakwenda kutafuta kazi mbali, akitulia atamwita. Simu zikapungua, mwisho zikakatika kabisa. Fundi alivaa glavu, akaanza kazi.

"Nataka kumshtukiza mchumba wangu," dada alisema kwa furaha. "Jumamosi tunafunga ndoa. Maskini, hajaligusa tangu mkewe afariki."

Spana ikamponyoka fundi.

"Alifariki kwa nini?"

"Figo. Alimuuguza kwa mikono yake mwenyewe. Akianza kusimulia, tunalia wote wawili."

Fundi akaiokota spana.

"Kanyaga klachi tena. Nikisema sasa, kanyaga na breki kwa nguvu zako zote... Sasa!"

Gari likatikisika zima. Chini kukalia paa! Magurudumu yakasimama, injini ikiendelea kunguruma. Klachi ilikuwa imeachia.

Dada akazima injini, akapiga makofi, akampigia mchumba wake, simu kaiweka spika.

"Mpenzi, gari lako limepona!"

Sauti ya mwanamume ikatoka kwenye spika.

"Mwambie fundi asiguse vitu vya ndani. Ni vya marehemu."

Fundi akasogea karibu.

"Marehemu anakusalimu, mume wangu."

Simu ikakatika. Muda si muda ujumbe ukaingia: "Usimsikilize huyo kichaa. Nakuja."

"Wewe ni nani?" dada aliuliza.

Fundi akamwonyesha picha ya harusi kwenye simu yake. Dada akaitazama, akakaa sakafuni na gauni lake jeupe, palepale penye oili.

Mwanamume aliingia akihema. Kabla hajafungua mdomo, pete ikamgonga kifuani.

"Umemuua mtu aliye hai ili nikuonee huruma?"

Dada akatoka bila kugeuka nyuma. Mwanamume akamgeukia fundi, macho yamemwiva.

"Umeridhika? Ulitaka nimwambie nini? Kwamba nilioa mwanamke anayenuka grisi? Aliyefiwa anapendwa, wewe. Aliyemkimbia mkewe nani anamtaka?"

Fundi alikuwa anashusha jeki.

Mwanamume akalegeza sauti.

"Basi yaishe. Turudi nyumbani, mke wangu."

"Nyumbani kwangu ufunguo nilibadilisha."

"Nimekuomba kwa upole!"

"Na mimi nakuomba talaka."

Fundi aliisumbukia talaka hiyo miezi mitatu. Siku ya mwisho mahakamani walikaa meza moja, mwanamume kakonda, shati halijapigwa pasi.

"Huna huruma hata chembe," alisema.

Fundi akatia saini yake, akamsukumia kalamu.

"Harakisha. Nina wateja gereji."