Shimo la Makapi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Sittina alipiga ardhi. Hakuipiga kwa hasira. Aliipiga kwa kishindilio, gogo zito lenye mipini miwili ambalo baba yake alilichonga mwenyewe. Alilinyanyua hadi kifuani, akaliachia. Ndi!

"Hiyo ndiyo sauti," alisema Baba Mroivili huku akifunga vifungo vya shati lake la kazi. "Ardhi iliyoshiba husema ndi. Ikisema bufu, ina njaa. Ipe mawe, piga tena."

Ulikuwa mwaka wa pili tangu bendera mpya ya uhuru ipandishwe. Pale kisiwani, mjini Dzamandzar, karibu na kiwanda cha sukari, familia ile ilikuwa ikitengeneza njia ya gari yenyewe, kutoka barabarani hadi barazani. Fundi hawakuwa naye. Baba alikuwa mtu wa mashine, lakini aliwahi kuwatazama wajenzi wa mjini Hell-Ville wakifanya kazi hiyo, na kwake yeye kutazama kulitosha. Walichimba udongo, wakaweka mawe yaliyopondwa, wakashindilia, wakatandaza mchanga. Juu yake walipanga vitofali vya saruji walivyovifyatua wenyewe kwa kisanduku cha mbao. Hawakuvigandisha. Vilishikwa na mawe ya pembeni, na mchanga uliofagiliwa kwenye nafasi zake.

Haraka yote ilikuwa kwa ajili ya Koko. Ndivyo Wangazija wamwitavyo bibi. Mvua ya kwanza ilipogeuza njia kuwa tope, Koko Chaehoi aliteleza akavunjika nyonga. Alipelekwa kwa meli hadi hospitali ya Mahajanga, akapasuliwa. Sasa daktari alikuwa ameandika barua: mama huyu asikanyage chini kwa mwezi mzima, wala asitikiswe. Mfupa ukiachia mara ya pili, hatatembea tena.

Kwa hiyo gari lilipaswa kumfikisha mlangoni kabisa.

Tatizo lilikuwa shimo. Karibu na lango uliwahi kusimama mshelisheli. Kimbunga kiliung'oa, ukaacha shimo la kumfika mtu mzima kiunoni.

"Sittina, Kamardine, hili ni lenu," Baba alisema. "Mawe ya mtoni tu. Tabaka moja, mshindilie. Tabaka jingine, mshindilie."

Kamardine alikuwa mtoto wa mama mdogo, umri wake miaka kumi na moja, mdomo wake miaka arobaini. Siku ya kwanza alibeba mawe huku akiimba. Siku ya pili alibeba huku akilalamika. Siku ya tatu aliketi juu ya kikapu chake akatazama upande wa zizi la ng'ombe, hatua hamsini tu kutoka pale. Nyuma ya zizi kulikuwa na lundo la makapi, yaani mabaki ya miwa iliyokwisha kukamuliwa. Makavu, mepesi, na hayana mwenyewe.

"Dada Sittina, hivi tukijaza makapi chini na mawe juu, nani atajua?"

"Baba atajua."

"Baba atajua ya juu. Ya chini watajua mchwa."

Sittina alicheka. Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu ukishacheka umekwisha kukubali nusu. Kufika adhuhuri shimo lilikuwa limejaa. Sittina alipolipiga likasema bufu. Akalipiga tena. Bufu.

"Tia mchanga upesi," Kamardine alinong'ona.

Baba aliporudi kazini, mchanga ulikuwa umeshatandazwa.

"Mmejaza mawe matupu?"

"Mawe matupu, Baba," alijibu Sittina.

Baba alimpiga bega kwa furaha. Afadhali angempiga kofi.

Vitofali vikapangwa hadi mlangoni. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, kisha likachomoza jua kali. Siku chache baadaye Mzee Assoumani, mwadhini wa msikitini, alipita njiani, akasimama, akanusa.

"Mroivili," aliita, "nani anapika pombe ya tembo nyumbani kwako?"

"Tembo? Astaghfirullah! Kwangu mimi?"

Baba alitafuta nyuma ya jiko, akatafuta chini ya mapipa, hakuona kitu. Harufu ile chachu ilibaki palepale, karibu na lango. Sittina alijua inatoka wapi. Makapi yaliyolowa yalikuwa yanachacha chini ya vitofali. Na kinachochacha huoza, na kinachooza hunywea.

Akachukua chungwa, akaliweka chini karibu na lango. Chungwa likabingirika taratibu, likasimama katikati ya mahali palipokuwa na shimo, kama linamtazama.

"Pamebonyea," alimwambia Kamardine. "Na Koko anafika kesho."

"Koko mwepesi kama kuku."

"Na gari je? Nalo ni kuku?"

Kamardine akaliokota chungwa haraka, kana kwamba ndilo lenye kosa.

Jioni ile Sittina alimwendea Baba. "Baba, nina neno."

"Koko akishafika, mwanangu," Baba alisema, akiendelea kufagia mchanga kwenye vitofali.

Sittina aliondoka. Alijua angeweza kusema tena, kwa sauti zaidi. Hakusema.

Jumamosi majirani walijaa barazani. Rabiata, mama yake Sittina, alikuwa ametandika kitanda kwa shuka mpya. Gari aina ya Pijo likatokea barabarani, limejaa vumbi, dereva Saindou kwenye usukani. Nyuma, Koko alikuwa amelazwa juu ya godoro, mguu umefungwa kwa ubao.

"Mora mora!" Baba alielekeza kwa mikono miwili. "Polepole, Saindou! Ingia!"

Gurudumu la mbele likagusa kitofali cha kwanza. Cha pili. Cha tatu.

"Simama!"

Sittina alikuwa mbele ya gari, mikono ameitandaza. Saindou akakanyaga breki.

"We mtoto, una wazimu?"

"Usiingie! Chini hakuna mawe!" Machozi yalimtoka. "Kuna makapi, Baba. Nilikudanganya. Nilijaza makapi."

"Tulijaza," ilisema sauti ndogo nyuma ya mlango. Alikuwa Kamardine.

Baba alichukua mtaimbo, akang'oa kitofali kimoja, akachoma ardhi. Mtaimbo ukazama karibu wote. Harufu ya tembo ikapanda hadi barazani.

"Subhanallah," alisema Mzee Assoumani. "Kumbe lango ndilo lililokuwa likilewa."

Hakuna aliyethubutu kucheka, mpaka kicheko chembamba kiliposikika ndani ya gari.

"Mroivili, usimpige," Koko alisema. "Saindou, rudi nyuma, niweke kivulini. Nimelala hospitali wiki sita. Saa chache hazitaniua. Shimo hilo lingeniua."

Vitofali viliondolewa bila kuvunjika hata kimoja, kwa kuwa havikugandishwa. Sittina na Kamardine waliingia shimoni wakatoa makapi, yanayonata na ya moto kama uji. Majirani walijipanga mstari hadi mtoni, mawe yakapita mkono kwa mkono. Kila tabaka Sittina alilishindilia mwenyewe, viganja vikamchubuka.

"Inasemaje?" Koko aliuliza kutoka garini.

"Bufu, Koko."

"Basi bado ina njaa."

Alasiri ilikuwa imeshaingia ardhi iliposema ndi. Vitofali vikarudishwa. Koko akaomba kikombe cha chai, akakishika juu ya kifua chake, kimejaa hadi ukingoni.

"Ingia sasa," alimwambia Saindou.

Gari likapita langoni. Likafika mlangoni. Watu wote walitazama kikombe. Hata tone moja halikumwagika.

Walipokwisha kumlaza kitandani, Koko alimwita Sittina akamshika viganja vilivyochubuka.

"Mjukuu wangu, kwetu wanaume huoa wakahamia, nyumba ni ya wanawake. Hii ni yangu, kesho ya mama yako, keshokutwa yako. Ulipojaza makapi ulidhani unamdanganya baba yako. Ulikuwa unachimba shimo mbele ya mlango wako mwenyewe."

"Nisamehe, Koko."

"Nilikusamehe pale uliposimama mbele ya gari. Kazi ya ovyo hufichika siku mbili tatu, halafu hunuka. Na ukweli, hata ukichelewa, useme kabla gurudumu halijafika."

Kisha akamgeukia Kamardine, aliyejibanza ukutani.

"Na wewe, huyu kuku mwepesi ameambiwa kila kitu na dada yako. Kesho utamletea maji ya kuoga. Kutoka mtoni."