Mifupa Chini ya Kitanda cha Edina

Jumamosi hiyo Hildegardi wa Kihagara alianika usipa wake, dagaa wa ziwani, mapema. Kisha akaingia kufagia chumba cha binti yake, Edina. Edina alikuwa ameenda ziwani kufua. Alikuwa amemaliza kidato cha pili. Jumatatu alitakiwa kurudisha shuleni fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tatu.

Ufagio ukagonga boksi chini ya kitanda. Hildegardi akalivuta na kulifungua.

Mifupa! Ya kuku, ya chura, ya samaki mbasa, yote imefungwa kwa uzi. Kando kulikuwa na chupa ya maji ya chumvi, na ndani yake moyo wa mbuzi. Hildegardi hakosi kanisani, lakini siku hiyo hata sala ilimpotea.

Juu ya daftari lililokuwa humo paliandikwa: "Edina, Mganga."

Edina aliporudi, alimkuta mama yake amelishika boksi.

"Mtoto wangu mganga? Ndani ya nyumba hii?"

"Mama, tangu utotoni napenda kuona viungo vinavyoungana..."

"Nyamaza! Masomo ya sayansi ndiyo yamekuharibu. Fizikia na Kemia futa kwenye fomu, sasa hivi!"

Edina akafuta huku analia. Hildegardi akabeba boksi nyuma ya nyumba ili alichome moto. Huko, kabla hajawasha kiberiti, akakutana na jirani yake, Emerensiana, anayetibu watu katika zahanati.

"Mama Edina, umepatwa na nini?"

"Tazama mwenyewe, dada! Mtoto anataka uganga!"

Emerensiana akainua mguu wa chura. Akauhesabu mfupa kwa mfupa. "Hakuna uliokosewa," akasema kwa mshangao. "Na mimi pale zahanati mnaniitaje?"

"Mganga mfawidhi," Hildegardi akajibu. "Mganga... Yesu wangu! Kumbe ni uganga huo!"

"Ndiyo huo. Mtoto anayependa kutazama, kuuliza na kuandika ana mwanzo mzuri wa udaktari. Ila kupenda tu hakutoshi. Lazima afaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia. Akiyaacha kidato cha tatu, udaktari ndio basi."

Hildegardi akashika kichwa. "Nimemfutisha sasa hivi!"

"Basi nenda shuleni, uzungumze na mwalimu wa taaluma. Na wewe Edina, njoo."

Edina, aliyekuwa mlangoni, akamsogelea Emerensiana, macho mekundu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usiguse mzoga wa kuokota kwa mikono mitupu. Vaa glavu, na ukimaliza nawa kwa sabuni."

Jumatatu Hildegardi alifika shuleni na Edina kabla ya kengele. Mwalimu akaitazama fomu.

"Mbona masomo haya yamefutwa? Mtoto anayaogopa?"

"Haogopi, mwalimu. Nimemfutisha mimi, kwa kutojua. Naomba fomu nyingine."

Alipewa. Edina akaijaza palepale, na mama yake akatia sahihi.

Miaka miwili ikapita. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Emerensiana aliyasoma kwenye simu: Baiolojia A, Kemia B, Fizikia B.

"Rudia, dada," Hildegardi akasema.

Emerensiana akarudia. Edina aliruka na kupiga kelele hadi majirani wakatoka. Hildegardi hakuruka. Aliketi chini, akimtazama binti yake.

"Nusura nimzuie mimi," akasema. "Mimi, mama yake mzazi."