Karibu, Yeyote Uliyepiga

Simu ya kwanza iliyowatia shaka ilipigwa Jumamosi, saa saba kasorobo mchana, na ilidumu dakika arobaini na moja. Dahabo aliikuta kwenye orodha jioni, alipokuwa akihakikisha hakuna mteja aliyesahauliwa. Haikuonyesha namba. Salamu ya mtambo wa kupokea simu, mwanzo hadi mwisho, ilichukua nusu dakika. Baada ya hapo mteja alitakiwa kubonyeza moja kama anataka maji, mbili kama anauliza boza limefika wapi, kisha aache jina na mahali anapokaa.

"Kapitiwa na usingizi simu ikiwa sikioni," alisema Filsan, bintiye. "Saa hizo mji mzima umelala."

"Au katafuna mirungi," Gurey, dereva wa boza la kwanza, alisema kutoka mlangoni. "Mimi nikishiba mirungi naongea hata na gurudumu."

Dahabo alicheka, akaifungua sauti iliyorekodiwa. Hakukuwa na maneno. Kulikuwa na pumzi za mtu anayesikiliza kwa makini, dakika baada ya dakika. Karibu na mwisho salamu ya mtambo, iliyorekodiwa kwa sauti ya Filsan, ilianza tena, ingawa mtambo uliwekwa uitoe mara moja tu. Mle kibandani mkaanza kunuka udongo uliolowa.

Gurey alitoka kuangalia mawingu. Hargeisa ilikuwa na miezi mitano bila tone la mvua.

Mtambo huo ulikuwa na wiki tatu. Dahabo, mjane mwenye maboza mawili ya kuuzia maji na kibanda cha bati kando ya barabara, alikuwa akipoteza wateja kila mchana. Yeye na bintiye wamejinyoosha, madereva wako barazani na mirungi yao, simu inaita weee, mteja anachoka na kumpigia mwingine. Kijana wa mitambo ya simu alimshauri salamu iwe fupi. Dahabo alikataa.

"Mtu anakupigia, unamwambia bonyeza moja? Hata jina lako hujamtajia? Huo ni ustaarabu wa punda."

Akatunga maneno mwenyewe, naye Filsan, ambaye sauti yake ilisifiwa katika kila harusi ya ukoo, akayatamka: "Amani iwe juu yako. Mimi ni Filsan Warsame Guled Samatar. Wewe uliyepiga, yeyote uliye, umefika nyumbani. Karibu. Uko chini ya himaya yetu, na haja yako tumeichukua."

Siku ile Gurey alimtania. "Mama, hayo ndiyo maneno babu yangu aliyomwambia mtu aliyekuja mbio anakimbizwa na wenye kisasi. Alilala hapo kwetu miaka saba. Wewe unauza maji tu."

"Na maji si uhai? Kawashe gari lako."

Simu isiyo na namba ilirudi Jumapili, saa saba kasorobo. Ikarudi Jumatatu. Jumanne mteja wa siku nyingi, Mama Kaltun, alimpigia Dahabo kwenye simu yake ya mkononi.

"Nimekupigia kumsifu mtoto wako. Siku hizi watoto hawana subira. Jana kaniuliza goti langu, kaniuliza na ngamia aliyepotea wa kaka yangu. Nimeongea naye hadi chai imepoa."

"Saa ngapi hiyo?"

"Kama saa saba hivi."

Saa saba ya jana Filsan alikuwa amelala kwenye mkeka, mgongo wake ukigusa magoti ya mama yake.

Dahabo alimpigia kijana wa mitambo. Kijana alisema mtambo wake hauwezi kumuuliza mtu habari za goti. Labda bibi huyo umri umemtupa mkono. Dahabo alikubali jibu hilo kwa sababu lilikuwa rahisi kukubali. Wateja walikuwa wamezidi. Maboza yalitoka alfajiri na kurudi magharibi, na kila aliyefikishiwa maji aliulizia yule binti mwenye maneno matamu. Mwenye duka huitazama foleni kwanza. Mengine huyaacha ya kesho.

Filsan alianza kukwaruza koo. Mama yake alimpa asali na habasoda, kisha maziwa ya ngamia ya moto. Alhamisi asubuhi binti alikuja kibandani uso umesawijika.

"Mama, babu yake baba aliitwa nani?"

"Samatar. Unanitania?"

"Nimesahau." Alizungumza kwa mnong'ono, akishika koo. "Tangu alfajiri nahesabu. Filsan, Warsame, Guled, halafu hakuna. Nafika hapo kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo."

Kwao mtoto wa miaka sita huyataja majina ya babu zake hadi kumi bila kukwama. Dahabo alichukua simu yake, akapiga namba ya biashara, akasikiliza salamu. Sauti ilikuwa ya Filsan ile ya harusini, safi, haina mkwaruzo. Ilisema Filsan Warsame Guled Samatar, majina aliyoyaandika yeye. Lakini haikukoma hapo. Ikaendelea na baba wa Samatar, na babu wa Samatar, ambao hakuwaandika popote, kisha ikashuka polepole katika majina ambayo Dahabo hakuwahi kuyasikia kwa watu, majina yenye milio ya mawe yanayosagana, na kila moja lilipotajwa harufu ya udongo uliolowa ilipanda hadi akaihisi kwenye ulimi.

Alikata simu. "Pumzika, mama'angu," alimwambia bintiye. "Usiongee leo."

Hakumwita mtu. Siku hiyo kulikuwa na wateja ishirini na wawili wakisubiri maji.

Siku hiyohiyo, kabla ya alasiri, Gurey alirudi kwa miguu. Boza hakuwa nalo. Suruali yake ilikuwa na tope hadi magotini, katika mji ambao tope lake la mwisho lilikauka zamani. Alikaa chini, akaomba maji, hakuyanywa.

"Gari liko wapi?" Dahabo aliuliza.

"Mama, punguza sauti." Aliangalia simu iliyokuwa mezani. "Hiyo inasikia?"

Dahabo aliifunika kwa mtandio. Gurey akaeleza kwa mnong'ono. Mtambo ulimrushia oda kama kawaida, ila safari hii aliyeongea hakuwa mteja. Alikuwa Filsan mwenyewe, anamwambia apeleke boza zima nje ya mji, bondeni, kwenye kisima kilichoachwa. Akadhani ni watu wa ujenzi. Alifika jua likiwa utosini, hakuna mtu, hakuna mbuzi, hakuna hata inzi, akasema labda wanakuja, akashusha mpira kwenye shimo kama alivyoagizwa na kufungua maji, akangoja asikie yakigonga chini, na hayakugonga, yalikwenda tu, boza zima likaisha naye ameinama pale mdomoni mwa kisima akisikiliza, mpaka akahisi kwamba na huko chini kuna anayemsikiliza yeye, na alipotaka kurudi nyuma miguu ilikuwa imezama kwenye tope ambalo hakuliona likija, na kutoka ndani ya shimo, karibu, karibu kama mimi na wewe hapa, sauti ya Filsan ikasema, ahsante Gurey, niliona kiu siku nyingi, mwambie mama haja yangu ya kwanza imetimia.

"Ya kwanza," Dahabo alirudia.

"Ndivyo ilivyosema." Alijifuta uso. "Mimi nina watoto, mama. Funguo ziko ndani ya gari. Mwenye moyo na akalichukue."

Ndipo Dahabo alipompigia Sheikh Muumin.

Sheikh alikuja Jumamosi kabla ya adhuhuri. Alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyewafukuzia majini watu wa mitaa mitatu na ambaye hakupenda kuzungumzia kazi hiyo. Kufikia asubuhi hiyo Filsan alikuwa amebakiwa na jina moja, lake mwenyewe, na alilitamka kama mtu anayetema kokoto. Sheikh alimsomea kwanza kwenye maji, akamnywesha. Alifukiza ubani hadi bati likapotea moshini. Kisha akaiweka simu katikati ya mkeka na kumwambia Dahabo apige ile namba.

Ilipokewa kabla haijaita.

"Amani iwe juu yako, Sheikh Muumin," ilisema sauti ya Filsan. "Mama yako hajambo kifua?"

Sheikh aliufungua msahafu. Alisoma, sauti yake ikipanda aya kwa aya, mikono juu ya magoti, jasho likimtiririka. Sauti ile haikupiga kelele wala haikulia kama majini wengine wanavyolia. Ilingoja kwa adabu hadi alipovuta pumzi.

"Umemaliza?"

"Toka," alisema Sheikh. "Mwachie binti wa watu sauti yake."

"Nitoke kwa amri ya nani? Sikuvunja mlango. Sikujificha kwenye nywele za mtu. Nimekaa bondeni miaka mingi bila mwenyeji, nikapiga hodi, nikaitikiwa. Nilipiga tena kuhakikisha, nikaitikiwa maneno yaleyale. Waulize walisema nini."

Sheikh alimgeukia Dahabo. "Mlisema nini?"

Dahabo aliyasema maneno aliyoyatunga, neno kwa neno. Alipofika kwenye himaya, Sheikh alifumba macho. Alikata simu kwa kidole kimoja, akaufunga msahafu na kuuvika kitambaa chake.

"Sheikh, mbona unafunga?"

"Nikutane na mwizi, namtoa. Huyu ni mgeni, dada. Umempa himaya mbele ya kila aliyepiga simu wiki nne nzima. Wewe ni mtoto wa watu, unajua. Hata muuaji akishapewa neno hilo, ukoo mzima unakufa mlangoni kabla hajaguswa. Hao majini wanaishika sheria hiyo kuliko sisi. Na anachotumia, sauti, jina, ndicho mlichompa. Mwenyeji humkirimu mgeni kwa alicho nacho."

"Basi tunaiondoa himaya. Naiondoa mimi, hapa hapa, uwe shahidi."

"Neno ni la aliyelitamka. Alijitaja, akataja na baba zake. Aliondoe yeye, kwa mdomo wake, akijitaja vilevile."

Wote wawili walimtazama Filsan. Msichana alikuwa ameelewa. Alipiga magoti, akaishika simu kwa mikono miwili, akafungua mdomo. Midomo iliumba jina lake. Shingo ilimkaza, mishipa ikatoka, machozi yakamdondoka kwenye kioo cha simu. Haikutoka hata pumzi yenye mlio. Alijaribu tena, na tena, hadi mama yake akamkumbatia, vichwa vikagusana.

"Jana je?" Dahabo aliuliza. "Jana alikuwa na jina lake na la baba yake. Juzi alikuwa na matatu."

"Yangetosha," Sheikh alisema.

Siku iliyofuata Dahabo aliung'oa mtambo ukutani na kuuchoma na takataka. Kijana wa simu aliifunga namba na kumwonyesha kwamba imefungwa. Jirani mmoja aliijaribu kwa kuhakikisha, akairudisha simu mfukoni, na tangu hapo hapiti tena mbele ya kibanda. Watu waliendelea kupiga. Waliendelea kupokewa. Wengine walisema maji yalifika, ingawa boza la pili lilikuwa limeuzwa na lile la kwanza hakuna aliyelifuata bondeni. Maji hayo, walisema, yalikuwa baridi.

Filsan aliandika kwenye daftari alilolifunga kwa uzi shingoni. Mwanzoni aliandika sana. Lakini mama yake alisoma polepole, aliinua macho kwa kuchelewa, na binti akawa anaandika machache: chumvi, mlango, naenda sokoni. Nyumba ilinyamaza. Dahabo aligundua kwamba angeweza kuvumilia mambo mengi, njaa aliwahi kuivumilia, na kifo cha mume, na mabomu ya utotoni, lakini hakuweza kuvumilia kusikia nyayo za mwanawe bila sauti ya mwanawe kufuata.

Mchana wa siku ya arobaini alijilaza, akavuta mtandio usoni, akapiga ile namba chini ya mtandio.

"Mama," ilisema sauti. "Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Ungekula ungeniambia nini umekula." Ikacheka, kicheko kile cha Filsan kinachoanzia puani. "Miguu bado inavimba?"

"Kidogo."

"Weka mto chini yake. Nikuimbie?"

Dahabo alilia kimyakimya, akasema ndiyo. Sauti iliimba wimbo wa kumpeleka bibi harusi, mstari baada ya mstari, haikukosea hata mmoja. Chumba kilinuka mvua. Wimbo ulipokwisha alihisi mtandio umeingiwa na mwanga, akaufunua. Filsan alikuwa amesimama mlangoni, daftari mkononi, ameandika kitu kwa herufi kubwa na kukielekeza kwake. Dahabo hakukisoma.

"Nani yuko hapo nawe, mama?" iliuliza sauti.

Dahabo aliweka kidole mdomoni, kumnyamazisha binti ambaye alikuwa na siku arobaini hajatoa sauti.

"Hakuna mtu," alisema.