Kanzu ya Babu na Ukuta wa Buluu

Jumatano, tarehe tatu Septemba, ndiyo siku mambo yalipoharibika.

Jannat, msichana wa miaka kumi na miwili, alitoka shuleni akapitia studio ya babu yake, Mzee Athmani, katika kichochoro cha Mji wa Kale. Babu bado alisafisha picha za filamu katika chumba cha giza. Kazi ya Jannat ilikuwa kukagua rangi. Picha ikishakauka, huisogeza mlangoni penye mwanga na kuitazama kupitia vipande vya plastiki vya rangi. Ikipendeza zaidi kupitia cha manjano, basi imezidi ubuluu, na Babu huirekebisha mashine ya kuchapia picha.

Hajaweka mkoba chini, Bi Mwanakuu, mteja wao, akaingia akihema, picha mkononi.

"Mzee Athmani! Huyu ni mamangu au mgonjwa? Tazama kanga yake ya kisutu, weupe wote kama umechovywa kwenye binzari! Na jana mlinionyesha hapa mlangoni ikiwa safi. Jumapili harusi, nitamtundika mamangu hivi?"

Babu akamgeukia Kioko, msaidizi wake aliyeipeleka picha. "Umeifanya nini?"

"Mimi? Sijafanya kitu, mzee."

"Nilimwona akizungusha vifundo vya rangi vya mashine," Jannat akadakia. Kweli alimwona kwenye mashine, lakini Kioko alikuwa akipangusa vumbi tu. Jannat aliogopa lawama isije ikamwangukia yeye mkaguzi.

"Basi nenda kwako," Babu akasema. "Usirudi mpaka nikuite."

Kioko hakubishana. Alichukua shati lake msumarini, akaenda zake nyumbani, mtaa wa Majengo.

Alhamisi wakaisafisha upya picha ya mamake Bi Mwanakuu. Mlangoni ikapendeza. Nyumbani kwa Bi Mwanakuu, manjano tele! Na Kioko hakuwapo.

Ijumaa Babu alisimama mlangoni, tayari kwenda msikitini.

"Babu, nani kakutilia bluu ya kufulia nyingi hivyo kwenye kanzu?" Jannat akauliza.

"Bluu gani? Nimeifua mwenyewe kwa sabuni tupu."

Akatembea hadi kwenye kona ya kichochoro, penye jua. Kanzu ikawa nyeupe kama pamba. Jannat akaukodolea macho ukuta wa mkabala. Zamani ulikuwa wa chokaa. Mwanzoni mwa wiki wakubwa wa mji walileta vibarua wakaupaka buluu, bila kumbishia hodi mtu yeyote. Wao hawaishi humu. Kichochoro ni chembamba, na ukuta ulimwaga rangi yake hadi mlangoni. Ubuluu alioukagua Jannat haukuwa wa picha hata kidogo, naye ndiye aliyemwambia Babu aongeze manjano.

"Babu," alisema, "Kaka Kioko hakugusa vifundo. Alikuwa akipangusa vumbi. Nilidanganya."

Babu akarudi hadi mlangoni. "Ulidanganya, nami nikaona rahisi kuamini. Sikia, mjukuu wangu: kabla hujasema kitu kina ila, kitazame kwenye mwanga mwingine. Na mtu je? Mtu zaidi."

Alasiri walikagua picha mpya juu ya paa, chini ya mbingu wazi. "Huyu ndiye mamangu!" Bi Mwanakuu akasema, akaibusu.

Kisha babu na mjukuu wakaenda Majengo kuomba radhi. Kioko aliwapa mkono wote wawili, akakubali kurudi kazini Jumatatu. Lakini walipoinuka, aliwauliza kwa upole:

"Ukuta uligeuka rangi mbele ya macho yenu. Mimi sijageuka, miaka yote hii. Mbona mlinishuku mimi kwanza?"

Jannat akamtazama Babu. Babu akatazama makubadhi yake miguuni.