Elfu Kumi Iliyobaki Benki

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyamizi alikuwa akifungua banda, akiwamwagia kuku pumba na kuokota mayai. Wakati huo Shangazi Martina alikuwa ameshaondoka kwenda sokoni Kahama kuuza mchele. Nyumba yao ya vyumba viwili, pale Nyahanga, ilikuwa kimya. Nyamizi alikunywa uji peke yake, akafunga mlango, akaondoka. Jioni alirudi akaikuta nyumba vilevile.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake alifariki machimboni Geita, shimo lilipoporomoka. Baada ya msiba, mama yake alirudi Kishapu kumuuguza bibi, naye Nyamizi akaachwa kwa shangazi yake ili aendelee na masomo. Shangazi Martina alikuwa mjane asiye na mtoto. Hakuwa mkali, ila hakuwa mtu wa maneno mengi. Usiku walikula ugali na mlenda, wakasikiliza redio, wakalala.

Siku walipoagana, mama alimpa Nyamizi tetea mmoja. "Mtunze," alimwambia, "naye atakupatia nauli ya kuja kuniona likizo ya Juni."

Tetea alitaga, akaangua, na banda likajaa. Nyamizi aliwauzia mayai mama lishe wa barabara ya Buzwagi. Kila Jumamosi alimpa shangazi pesa, naye shangazi akazipeleka kwa wakala wa benki, kwenye akaunti ya watoto iliyofunguliwa kwa jina la Nyamizi. Shangazi ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Nyamizi alijumlisha kichwani, na kufikia mwisho wa Mei alijua amefikisha elfu sitini. Hiyo ingetosha nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na blanketi zito la bibi alilokwisha kulichagua dukani.

Jumatano moja shangazi aliacha simu yake ikichaji nyumbani. Nyamizi alitaka kuona ujumbe wa benki, afurahi kidogo. Akausoma mara ya kwanza, akausoma tena: "Kiasi unachoweza kutoa: Sh 50,000."

Elfu kumi haipo. Kisha akakumbuka kwamba wiki iliyopita shangazi alinunua mizani mpya ya kupimia mchele.

Jioni hiyo shangazi alipoingia, Nyamizi alisema shikamoo bila kumtazama. Hakumaliza ugali wake, akaingia kulala mapema.

"Unaumwa?" shangazi aliuliza kutoka mlangoni.

"Hapana, shangazi."

Shangazi akaenda zake. Nyamizi alijifunika shuka, akalia bila sauti. Hapa Nyahanga alikuwa na mtu mmoja tu, na sasa aliona hata huyo hana.

Kesho yake shuleni alimweleza rafiki yake Hosiana. "Shangazi amekula pesa zangu," alisema.

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Nimesoma mwenyewe kwenye simu."

Hosiana alimwambia mama yake, na mama yake alikuwa mteja wa mchele wa shangazi. Ijumaa saa nane mchana, Nyamizi alirudi kutoka shuleni akamkuta shangazi amekaa sebuleni. Ndoo yake ya mchele ilikuwa bado imejaa.

"Leo mteja ameniuliza mbele ya wenzangu kama ni kweli nakula pesa za yatima," shangazi alisema polepole. "Sikujua anazungumzia nini. Nimefunga biashara, nimerudi nyumbani."

Nyamizi aliinamisha kichwa. Akaeleza kuhusu ujumbe, elfu hamsini, na mizani. Alidhani atachapwa.

"Kesho asubuhi tunakwenda benki," shangazi alisema tu.

Benki walihudumiwa na dada mmoja mpole aliyeitwa Klara. Alifungua akaunti kwenye kompyuta, akamgeuzia Nyamizi kioo asome mwenyewe. Iliandikwa kwamba salio ni elfu sitini.

"Hakuna pesa iliyotolewa hata mara moja," Klara alisema. "Akaunti hii ina kiwango cha chini, yaani kiasi ambacho lazima kibaki ndani ili akaunti iendelee kuwa hai. Kwa akaunti yako ni elfu kumi. Ukiwa na elfu sitini, unaweza kutoa elfu hamsini. Ujumbe wa simu unakuonyesha unachoweza kutoa, hauonyeshi zote ulizonazo."

"Hiyo elfu kumi inakuwa ya benki?"

"Inabaki kuwa yako. Siku mkifunga akaunti mtarudishiwa, baada ya makato kama yapo. Kiwango si kimoja kwa kila benki wala kwa kila akaunti, ndiyo maana mtu huuliza kabla ya kufungua."

"Mimi niliambiwa siku ile," shangazi alisema. "Sikukumbuka kumweleza mtoto."

Walitoa elfu hamsini. Walipofika Nyahanga, Nyamizi hakuingia ndani. Alikwenda kwa kina Hosiana, akamwamkia mama wa rafiki yake, akamweleza kila kitu mbele ya majirani waliokuwa wakichambua mboga. Hakuacha neno. Mama Hosiana aliona aibu, akasema atakwenda sokoni kusema ukweli palepale aliposema uongo.

Usiku Nyamizi alipiga magoti mbele ya shangazi. "Nisamehe, shangazi. Nilikusingizia."

Shangazi alizima redio. Akavuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Ng'wanone, mwanangu, tangu mume wangu afariki nilikula peke yangu miaka mingi. Ulipokuja nilishukuru, ingawa sijui kusema sana. Wiki hii uliponyamaza, nilidhani umenichoka, unataka kuondoka moja kwa moja. Wote wawili tulikaa na wasiwasi wetu, kila mtu chumbani kwake. Ungeniuliza ule ujumbe maana yake nini, nami ningekuuliza mpaka useme. Jambo la pesa usipolielewa, uliza kwanza, tena umuulize mhusika. Ukilipeleka pembeni, unampa mtu jina baya ambalo pesa haiwezi kulifuta."

"Nimeelewa, shangazi."

"Haya. Pesa ya blanketi zito haitoshi tena. Tutafanyaje?"

"Nitanunua jepesi," Nyamizi alisema. "Zito nitampelekea Desemba. Na ile elfu kumi ibaki, ili nikirudi niendelee kuweka."

Shangazi alitabasamu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Nyamizi afike nyumba ile, alianza kumsimulia jinsi baba yake alivyokuwa utotoni. Walizungumza mpaka usiku wa manane.